Jiwe la sikioni: samaki wa Mto Mara na kumbukumbu ya alikozaliwa

Siku nyingine ukila kichwa cha sato, usikimbilie kutupa mifupa. Lifungue fuvu taratibu kwa upande wa nyuma, chini ya ubongo. Utakuta vijiwe viwili vyeupe, vigumu, vyenye ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo. Wengi wetu tumeshavitafuna bila kujua, tukadhani ni mfupa tu.

Kumbe si mfupa. Ni mawe ya sikio, na wataalamu huyaita otolithi. Humsaidia samaki kusikia na kujua kama ameinama au amesimama sawa majini. Kila samaki mwenye mifupa anayo jozi tatu. Kwa sato na sangara, jozi moja ni kubwa na huonekana kwa macho. Kwa kambare na ningu jozi hiyohiyo ni nyembamba kama sindano, kwa hiyo mtafiti hutumia jozi nyingine.

Sasa kwa nini tunakusumbua na vijiwe? Kwa sababu vinaweza kujibu swali ambalo mvuvi wa Mara hulijadili kila msimu wa mvua: hawa samaki wa mtoni na wale wa ziwani ni kundi moja, au ni makundi mawili?

Swali hili lina uzito gani?

Mchukue ningu. Huyu ni samaki wa Ziwa Victoria na mito yake. Mvua kubwa zikinyesha na mito ikafurika, ningu hupanda mtoni kwenda kutaga mayai. Zamani alikuwa kitoweo kikubwa kandokando ya mito ya ziwa hili. Kisha nyavu za makila zikaingia ziwani, kuanzia mwaka 1905 upande wa Kenya. Watu wakazitega midomoni mwa mito, palepale ningu wanapopita wakiwa na mayai tumboni. Hatimaye ningu wakapungua vibaya.

Ukitaka kumlinda, lazima ujue anatoka wapi. Kama ningu anayevuliwa karibu na Nyamongo huzaliwa mtoni na kukaa hukohuko, basi ulinzi uanzie mtoni. Kama yeye na yule wa Ghuba ya Mara ni ndugu wa kundi moja, nyavu zinazotegwa chini karibu na Daraja la Kirumi zinammaliza hata yule wa juu. Ukikosea hapo, utamzuia mvuvi asiye na kosa na kumwacha samaki bila msaada.

Halafu kuna Machi 2022. Unakumbuka? Maji ya sehemu ya chini ya Mto Mara yalibadilika rangi, samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilisema oksijeni ilipungua majini, ikataja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuridhika na mjadala ukawa mkali. Ila ukiacha ubishi wa chanzo, kulikuwa na swali jingine: samaki watakaorudi watatoka wapi?

Jiwe huandikaje?

Jiwe la sikio limejengwa kwa kalsiamu, aina ileile ya kemikali iliyomo kwenye chokaa na makombe. Tangu samaki akiwa kifaranga, linaongezwa tabaka jembamba kila siku. Ukilikata na kulisugua hadi liwe jembamba, chini ya hadubini utaona pete, kama za shina la mti. Katikati ni siku za kuzaliwa, ukingoni ni siku ya kuvuliwa.

Uzuri wake ni huu: kilichoandikwa hakifutwi. Magamba na mifupa huweza kumeng'enywa na mwili samaki anapokosa chakula. Jiwe la sikio haliguswi.

Wakati tabaka linajengwa, kalsiamu haiingii peke yake. Strontiamu na bariamu ni za familia moja na kalsiamu kikemia, kwa hiyo huponyokea humo kidogo kidogo. Kiasi kikubwa hutoka kwenye maji anamoogelea samaki, na maji nayo huyapata kutoka kwenye mawe yanakopita. Yaani samaki anaweka akiba ya mwamba wa nyumbani kwake ndani ya sikio lake.

Mawe ya Mara yana umri tofauti

Hapa ndipo Mara inapofaa kwa kazi hii. Mto unaanzia milima ya Mau, Kenya, ambako Amala na Nyangores huanzia kabla ya kuungana chini zaidi. Huko mawe mengi ni ya volkano za Bonde la Ufa, machanga kwa hesabu za jiolojia. Mto unapita Masai Mara, unaingia Hifadhi ya Serengeti, kisha unakata kati ya wilaya za Tarime na Serengeti. Huku kwetu mambo ni tofauti: granaiti na mawe yenye dhahabu ya Nyamongo yana zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Umri huo una maana. Ndani ya mawe mna rubidiamu, na aina yake moja hugeuka polepole mno kuwa strontiamu-87. Granaiti kongwe imekuwa na muda mrefu wa kuilimbikiza. Volkano changa haijapata muda huo. Ukilinganisha strontiamu-87 na strontiamu-86, mawe machanga ya volkano kwa kawaida hutoa uwiano wa karibu 0.704 au 0.705, na granaiti kongwe hupita 0.710. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa mashine za leo ni kubwa sana.

Kwa hiyo tungetarajia kijito kinachotiririka juu ya granaiti kiwe na alama yake, mto mkuu unaotoka Mau uwe na yake, na ziwa, linalochanganya maji ya mito mingi, liwe na yake. Hatua ya kwanza si kukata samaki hata mmoja. Ni kuchota maji Tigithe, Somoche, mto mkuu na Ghuba ya Mara, kiangazi na masika, ili kuhakikisha alama hizo kweli zinatofautiana. Baada ya hapo leza hupitishwa juu ya jiwe kutoka katikati hadi ukingoni. Vumbi lake huingia kwenye mashine inayotenganisha atomu kwa uzito, na maisha ya samaki yanasomeka kama mstari: alizaliwa maji haya, akahamia yale, akafia pale.

Kule Alaska, Sean Brennan na wenzake walifanya hivi kwa samoni wa Mto Nushagak, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Waligundua kwamba sehemu za mto zinazozalisha samaki wengi hubadilika mwaka hadi mwaka. Kijito kinachoonekana hakina faida leo ndicho kinachobeba wavuvi kesho. Ni fundisho zuri kwa anayefikiri Tigithe au Somoche inaweza kuharibiwa kwa kuwa "mto mkubwa bado upo".

Jiwe lisichoweza kusema

Tusilibebeshe mzigo usio wake. Jiwe linasema samaki aliishi wapi. Halisemi nani ni mzazi wake. Kwa ukoo, pima DNA. Makundi mawili yakikaa maji yenye kemia moja, yataonekana sawa hata kama hayazaliani.

Pia halitamtaja mkosaji wa Machi 2022. Samaki aliyekufa ndani ya siku chache hakupata muda wa kuandika kilichomuua. Na kama hofu yako ni zebaki ya wachimbaji wadogo, pima minofu na ini, kwa sababu huko ndiko inakojikusanya.

Lakini kwa swali la nani anarudi mtoni, jiwe ni shahidi mzuri. Chukua kambare na ningu wachanga wanaovuliwa leo, soma katikati ya mawe yao. Kama wengi wana alama ya ziwa, mto unategemea ziwa kujaza upya na njia ya kupita Kirumi iachwe wazi msimu wa mvua. Kama wana alama ya vijito vya Tarime na Serengeti, basi vijito hivyo ndivyo kitalu, na kila anayevitibua anagusa sahani za watu wa chini.

Na habari hiyo yote, mama muuza samaki huitupa kila jioni pamoja na vichwa. Ukipita sokoni, mwombe viwili vitatu. Vijiwe vikaushe, viweke kwenye bahasha, andika tarehe, aina ya samaki na mahali alipovuliwa. Utafiti wa mto wako unaweza kuanza hivyo.