Uvumi Uliotiwa Chumvi: Kutoka Fukushima hadi Huanshi Zhonglu

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana, tetemeko la ardhi la kipimo cha 9.0 lilitikisa Japani. Chini ya saa moja baadaye, mawimbi ya tsunami yaliruka ukuta wa kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi na kuzima jenereta za dharura. Pampu za maji ya kupoza vinu zikakosa umeme, na viini vya vinu vitatu vikayeyuka. Watu waliokuwa ndani ya kilometa 20 wakaamriwa kuhama.

Huanshi Zhonglu, mjini Guangzhou, China, iko mbali na hapo kwa takriban kilometa 3,000. Wengi wetu tunaisikia barabara hii kwa sababu inapita Xiaobei, mtaa ambao wafanyabiashara wa Kiafrika, wakiwemo Waswahili wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kongo, wamezoea kufikia. Lakini tarehe 16 na 17 Machi, Guangzhou nayo ilipatwa na tetemeko lake: watu walipanga foleni kununua chumvi hadi rafu za maduka zikabaki tupu. Hali ilikuwa hiyo hiyo katika miji mingi ya China.

Uvumi wenyewe ulikuwa na vichwa viwili. Cha kwanza kilidai kuwa madini joto yaliyomo katika chumvi yanamkinga mtu na mnururisho. Cha pili kilidai kuwa bahari imechafuka, hivyo chumvi safi itakwisha.

Tuupime. Ni kweli kwamba madini joto hutumika katika dharura za nyuklia. Kidonge cha mtu mzima huwa na takriban miligramu 100, nacho huijaza tezi ya shingo ili isifyonze madini joto yenye mnururisho. Hakizuii aina nyingine za mnururisho. Kilo moja ya chumvi ina takriban miligramu 30 tu. Anayetaka kinga hiyo kwa chumvi itambidi ale zaidi ya kilo tatu kwa mkupuo, nayo itamuua kabla mnururisho haujamgusa. Kuhusu bahari, chumvi nyingi ya China hutoka ardhini. Mwaka 2023, Japani ilipoanza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya Fukushima na Wachina wakakimbilia chumvi tena, kampuni ya taifa ya chumvi ilieleza kuwa asilimia 87 ya chumvi yake ni ya visimani, 10 ya baharini na 3 ya maziwani.

Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Guangzhou ilituonyesha namna linavyokuja: ilisemwa chumvi itakwisha, kila mtu akanunua ya miaka, na kweli ikakwisha madukani. Uvumi ukajizalia ushahidi wake.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kwa Kimandarini, uvumi ni *yaoyan* na chumvi ni *yan*. Maandishi ni tofauti, lakini sauti ya mwisho ni moja. Wachina wakacheza na maneno hayo kuukejeli mkasa wenyewe. Sisi Waswahili hatukuhitaji hata kubuni: mwenye kukuza habari tunasema ametia chumvi.

Kicheko kando, ndugu wasomaji, tujiulize. Mfanyabiashara aliye ugenini, asiyesoma Kichina, siku kama hiyo angesoma nini kwa Kiswahili? Tunayo maneno mnururisho, kinu na madini joto, lakini mengi yamelala kamusini. Gazeti likiandika “mionzi” leo na “sumu ya nyuklia” kesho, msomaji hawezi kujua kama anaambiwa jambo moja au mawili. Istilahi ikijifunzwa siku ya dharura, imechelewa. Mtu atashika neno lililo karibu, na mara nyingi ni la jirani aliyepo kwenye foleni.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama wanaosoma sayansi na wanaosoma isimu wakae meza moja. Kueleza mnururisho kwa Kiswahili ambacho mama ntilie ataelewa ni kazi ya kitaaluma kamili, na inafaa ifanywe wakati ardhi imetulia.