Mzazi, mboga ya mwanao huanzia mizizini

Mvua zikikolea, mboga hupatikana bure kwenye misitu ya miombo. Katika maeneo kama Liparamba, wilayani Nyasa mkoani Ruvuma, huu ndio msimu wa akina mama na watoto kuokota uyoga chini ya miyombo na mikusu, ile miti ambayo matunda yake wengine huyaita masuku.

Lakini ni wazazi wangapi wamewahi kujiuliza kwa nini uyoga huo hauoti nyuma ya nyumba, hata kwenye samadi nzuri, tofauti na uyoga mamama unaolimwa vibandani?

Jibu liko ardhini. Uyoga unaookotwa ni kama tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba za fangasi zilizotambaa udongoni. Wengi wetu neno fangasi tumelizoea hospitalini, likihusu ugonjwa wa ngozi. Fangasi hawa, hata hivyo, ni marafiki. Huivika ncha ya mzizi wa mti kama soksi, kisha hupenya mahali ambapo mzizi hauwezi kufika na kuuletea mti maji na madini kama fosforasi. Mti nao huwalipa kwa sukari unayoitengeneza kwenye majani kwa msaada wa jua.

Mti ukifa, malipo hukatika na uyoga hupotea. Ndiyo maana tanuri la mkaa haliondoi kuni tu, huondoa na mboga. Bahati nzuri, miti mingi ya miombo huchipua tena kwenye kisiki. Kisiki kisipong'olewa wala kuchomwa moto, mizizi hubaki hai na fangasi wana pa kuanzia.

Mti si mdhamini

Hapa wazazi wanatakiwa kuwa makini. Mti uleule unaweza kulea uyoga unaolika na wenye sumu, bega kwa bega. Kundi la Amanita, kwa mfano, lina aina zinazoliwa sana katika nchi za miombo, na pia lina zile zinazoua. Kwa hiyo, "nimeuokota palepale pa mwaka jana" si kinga.

Wapo wanaoamini kuwa uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba kuchemsha sana huondoa sumu. Si kweli. Sumu ya Amanita haiishi kwa moto.

Dalili zake huchelewa, mara nyingi saa 6 hadi 24 baada ya kula: tumbo kuuma, kutapika na kuharisha. Kisha mtoto anaweza kuonekana amepata nafuu, kumbe ini linaendelea kuharibika. Usisubiri. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na ubebe mabaki ya uyoga huo.

Msimfundishe mtoto kuokota peke yake. Aokote na mtu mzima anayeujua, na uyoga wenye shaka uachwe.

Maharage nayo yana wenzake

Kule kwenye milima ya Umatengo, Mbinga, ushirika mwingine uko shambani. Kwa zaidi ya karne moja, Wamatengo wamelima ngoro: nyasi hupangwa kwa miraba, hufukiwa kwa udongo, na katikati hubaki mashimo yanayozuia maji kuporomosha ardhi. Maharage hupandwa kwanza, mahindi hufuata msimu mwingine.

Maharage yana bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Bakteria hao huchukua naitrojeni hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mwili wa mmea hautengenezi protini bila naitrojeni. Kwa maneno mengine, sehemu ya protini iliyo kwenye bakuli la mtoto ilikuwa hewa.

Mzazi anaweza kumwonyesha mwanawe. Maharage yakianza kutoa maua, chimbeni shina moja taratibu na mpasue kinundu kwa kucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Rangi hiyo hutokana na kitu kinachofanana na kile kinachobeba oksijeni katika damu yetu. Kikiwa cheupe au kijani, au kama vinundu havipo kabisa, muulizeni afisa ugani kuhusu bakteria wanaochanganywa na mbegu kabla ya kupanda. Kuongeza urea nyingi si dawa. Mharage ukishiba mbolea hiyo, hupunguza vinundu vyake.

Baada ya kuvuna, usiyang'oe mashina yote na kuyachoma. Yakifukiwa, naitrojeni iliyobaki huyasaidia mahindi yanayofuata.