Bustani Juu ya Mahame

Neno mahame halimpi tabu mtu wa Mwambao. Ni mahali palipokaliwa na watu, wakahama au wakahamishwa, pakabaki kisima, kuta mbili tatu, makaburi na mbuyu. Mgeni akipita aona msitu. Mwenyeji akipita huwatolea salamu waliolala hapo.

Nataka leo kumchukua msomaji kwenye mahame ya mbali, huko Marekani, na kumweleza kazi ambayo kwetu bado haijazoeleka: kazi ya msanifu wa mandhari. Huyu si mjenzi wa nyumba. Yeye hupanga kilicho nje ya nyumba: miti ipandwe wapi, njia ipite wapi, maji yaelekee wapi, watu wapumzike wapi kivulini. Mtu atadhani ni kazi ya upole. Lakini mwenye kuipanga ardhi ndiye pia aamuaye kipi kionekane na kipi kifukiwe.

Chukua Central Park, bustani ya New York isifiwayo dunia nzima. Upande wake wa magharibi, baina ya barabara ya 82 na ya 89, palikuwa na kijiji kilichoitwa Seneca Village. Kilianza mwaka 1825, pale kijana mweusi, Andrew Williams, mpiga rangi viatu, aliponunua viwanja vitatu kwa dola 125. Utumwa katika jimbo lile ulikuwa haujakoma bado, ulikoma 1827. Wenzake wakafuata, na kufikia 1855 walikuwako watu wapatao 225, wengi wao weusi na wengine wahamiaji wa Ireland, pamoja na makanisa matatu, skuli na makaburi. Wala kiwanja hakikuwa cha kujengea nyumba tu. Katiba ya jimbo ya mwaka 1821 ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura, sharti ambalo mzungu aliondolewa. Basi aliyenyang'anywa kiwanja alinyang'anywa na sauti yake.

Mwaka 1853 serikali ya jimbo iliidhinisha ardhi hiyo itwaliwe kwa ajili ya bustani ya umma. Magazeti yakawaita wenyeji maskwota, na kuongeza matusi mengine, ijapokuwa miongoni mwao walikuwamo wenye hati mikononi. (Neno skwota nalo msomaji wa Pwani hahitaji kufasiriwa.) Walilipwa fidia ambayo wengi waliiona haitoshi, na kufikia mwisho wa mwaka 1857 hapakubaki mtu.

Mchoro wa bustani ulichaguliwa mwaka uliofuata, nao ulikuwa wa Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux. Na hapa pana ajabu. Olmsted hakuwa mtetezi wa utumwa. Kabla ya hapo alizunguka majimbo ya kusini akiliandikia gazeti, akausimulia utumwa kwa ubaya wake. Wala si yeye aliyewafukuza wanakijiji. Lakini bustani yake ilipokamilika, vilima na miti ilipendeza kana kwamba pale hapajawahi kupikwa chakula wala kuzikwa maiti. Kibao cha ukumbusho hakikuwekwa ila mwaka 2001. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua mwaka 2011, walitoa birika la chuma na soli ya kiatu cha mtoto.

Je, weusi wenyewe walikuwa wapi katika kazi hii? Kwa jembe walikuwako tangu mwanzo, kwani mashamba ya mpunga ya South Carolina yalichimbwa mifereji kwa mikono yao. Kalamu ya kuchorea ndiyo iliyochelewa kuwafikia. David Williston, mzaliwa wa Fayetteville, North Carolina, mwaka 1868, alihitimu Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1898, naye huhesabiwa kuwa mweusi wa kwanza Marekani kuisomea kazi hii. Alipanga viwanja vya chuo cha Tuskegee, cha Booker T. Washington.

Mji huo wa Fayetteville wastahili kukumbukwa na Waislamu. Humo ndimo alimofungwa Omar ibn Said, mwanachuoni wa Futa Toro katika Senegal ya leo, aliyeshushwa bandari ya Charleston mwaka 1807 akiwa mtumwa. Alimtoroka bwana mkatili, akakamatwa, na kuta za jela akazijaza maandishi ya Kiarabu. Mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake, akazitanguliza kwa Sura ya Al-Mulk, ambayo huanza kwa kumtaja mwenye ufalme. Mtu aliyeuzwa na kununuliwa, na katika sura zote akaichagua hiyo!

Charleston hiyo hiyo leo ina bustani ambayo naiona kuwa jibu kwa ile ya New York. Mwaka 1806 baraza la mji liliamuru merikebu za watumwa zishushe kwenye gati moja, la Gadsden, na ikawa hivyo mpaka uingizaji wa watumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1808. Juni 2023 palifunguliwa hapo makumbusho ya Wamarekani weusi. Jengo limenyanyuliwa kwa nguzo 18, futi 13 juu, ili ardhi ya gati isikaliwe. Ardhi hiyo akapewa Walter Hood, msanifu mweusi mzaliwa wa North Carolina na mwalimu wa chuo kikuu huko Berkeley.

Chini ya jengo Hood ametandaza kidimbwi cha maji haba. Sakafuni mwake mna maumbo ya watu waliolazwa ubavu kwa ubavu, kwa mfano wa ule mchoro wa merikebu ya Kiingereza, Brookes, uliochapishwa na wapinzani wa utumwa mwaka 1788. Maji hujaa yakawafunika, kisha hupwa wakaonekana. Mtu aliyekulia ufukoni haelezwi maana yake. Zipo pia kuta za mawe meusi ya kung'aa, na baina yake sanamu za watu waliopiga magoti. Mimi si mtu wa masanamu, na wasomaji wangu wengi vilevile, lakini kuta zile humrudishia kila apitaye sura yake mwenyewe, naye hawezi kujifanya mtazamaji tu.

Kuna watakaouliza kama yafaa kupapamba mahali pa msiba. Kwangu mimi, swali zito zaidi ni la wajukuu walio hai. Wagullah, kizazi cha watumwa wa mwambao ule, walimiliki mashamba visiwani baada ya uhuru. Tangu miaka ya 1950 kisiwa cha Hilton Head kikaanza kugeuzwa mahoteli na viwanja vya gofu, na familia nyingi zikapoteza ardhi, mara nyingi kwa kuwa ilikuwa urithi wa pamoja usio na hati. Hood amepanda bustanini majani yale yanayonukia ambayo Wagullah husukia vikapu, kama sisi tunavyosuka ukindu. Hapo bustanini yamestawi. Ufukoni kwenyewe, sehemu nyingi yalikoota zimezungushiwa uzio, na wasukaji huenda mbali kuyatafuta.