Bega Lake Likiuma, Usikubali "Kawaida"

Jamani, wanaume na maumivu! Mume wangu hucheza mpira wa mikono kila Jumamosi, na kwa wiki tatu nilikuwa nikiuliza kulikoni hataki kulalia upande wa kulia. Jibu lilikuwa moja tu: "Kawaida." Nikaona isiwe taabu, nikaanza kusoma na kuulizia mwenyewe habari za mabega ya warushaji.

Bega ni kiungo chenye uhuru kuliko vyote mwilini, na uhuru huo una gharama. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye shimo dogo sana, kama chungwa juu ya kisosi. Kinachokizuia kisichomoke ni kano pamoja na misuli midogo minne inayolizunguka bega. Kwa warushaji wa besiboli wa kulipwa, mkono umepimwa ukijizungusha begani kwa kasi ya zaidi ya nyuzi 7,000 kwa sekunde!

Kumbe kurusha ni nusu tu ya kazi. Mpira ukishatoka, mkono lazima upunguzwe mwendo ghafla, na breki zenyewe ni ile misuli midogo ya nyuma. Ikichoka, huanza kuchanika kidogo kidogo.

Tena nguvu haitoki begani. Mtazame Mkenya Julius Yego, aliyejifunza mbinu za mkuki kupitia video za YouTube na kuwa bingwa wa dunia mwaka 2015 kule Beijing kwa mita 92.72. Mrushaji wa mkuki anakimbia, anakita mguu wa mbele, kiuno kinageuka, kifua kinafuata, mkono unamalizia. Miguu na kiuno vikizembea, bega ndilo linalolipa deni.

Basi mpenzi msomaji, mchunguze mwenzi wako. Bega linamuuma usiku? Mkono haufiki mgongoni kama zamani? Mpira wake umepungua kasi? Apumzike kurusha na amwone mtaalamu, si kumeza vidonge na kurudi uwanjani.

Wangu alikuja kuniambia ukweli: aliogopa kupoteza namba kwenye timu. Sasa anafanya mazoezi ya kuvuta mpira wa kunyumbulika, kiwiko kikiwa kimebana ubavuni, na atarudi kurusha taratibu.

Mwenzi wako akisema "kawaida", muulize mara ya pili. Kwa upole, lakini muulize.