Mtu Mzima na Lugha Mpya

Tulipokwenda Oldonyiro, katika kaunti ya Isiolo, kuwazuru ndugu zetu Waislamu, tulifuatana na mkalimani tukadhani yatosha. Siku moja mkalimani alikuwa mnadani, akaja mzee wa Kisamburu, akaketi, akatusimulia kwa muda mrefu. Katika maneno yake yote tuliyatambua mawili tu: *nkishu*, yaani ng'ombe, na *nkare*, yaani maji. Tukafahamu kuwa ni habari za ukame, wala hatukuwa na neno la kumpa pole. Tuliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyoturudisha chuoni.

Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa mtoto mdogo. Tuliashiria kitu, akakitaja, tukarudia, akacheka, tukarudia tena. Kalamu tuliiweka kando siku za mwanzo, kwani Kisamburu, ambacho ni tawi la Kimaa, hutegemea kupanda na kushuka kwa sauti, na sikio la Mswahili halikulizoea jambo hilo. Hapo mtoto hutushinda.

Lakini mtu mzima naye ana akiba yake. Aliyesoma sarufi ya Kiarabu hutambua upesi kwamba Kimaa nacho hupenda kutanguliza kitendo, kisha mtenda, kisha mtendwa. Kile ambacho Kiarabu hukibainisha kwa irabu ya mwisho wa neno, Kimaa hukibainisha kwa kidatu cha sauti. Majina nayo yamegawika ya kiume na ya kike. Elimu ya zamani, basi, haipotei. Hufungua mlango wa pili.

Lililo zito ni cheo. Aliyezoea kufundisha huona tabu kusahihishwa mbele ya wanafunzi wake. Tukumbuke kuwa Salman al-Farisi, radhi za Allah zimshukie, alizaliwa Uajemi, na Kiarabu hakikuwa lugha ya mamake. Anayetaka kuanza na aanze na maneno atakayoyahitaji kesho: salamu, shukrani, pole, na swali la "hiki ni nini?" Kisha ayaseme siku iyo hiyo, wala asingoje yanyooke.

Baada ya miezi mitatu mzee yule alirudi. Tulimpa pole kwa Kisamburu, kwa sauti isiyokaa sawa. Akaturekebisha, kisha akaanza kisa chake upya.

Wabillahi tawfiq.