Uso Unajulikana, Mchongaji Hajulikani

Angela Burdett-Coutts alikuwa na miaka 23 alipoachiwa, mwaka 1837, urithi wa takriban pauni milioni 1.8. Mali hiyo ilikuwa ya babu yake, Thomas Coutts, mwenye benki wa London, na ilimfikia kupitia kwa mjane wa babu huyo, Harriot Mellon, aliyewahi kuwa mwigizaji. Sehemu kubwa aliitoa sadaka. Mwaka 1847 alifungua pamoja na Charles Dickens nyumba ya kuwalea upya wanawake waliotupwa na jamii, na mwaka 1871 Malkia Victoria akamtunuku cheo cha baronesi.

Magazeti ya wakati huo hayakuwa na uwezo wa kuchapa picha za kamera, kwa hiyo wasomaji walimwona tajiri huyo katika picha za kuchonga. Nyingine hazina jina la msanii hata moja.

Picha ya gazeti ilichongwa kwenye mti mgumu. Mchoro uliwekwa juu ya ubao laini uliopakwa rangi nyeupe, kisha fundi akaondoa kwa patasi nyembamba kila sehemu iliyotakiwa kubaki nyeupe. Mistari iliyosimama ndiyo iliyoshika wino. Miti hiyo haina shina nene, hivyo ubao mkubwa uliungwa kwa vipande vilivyofungwa kwa skrubu nyuma. Kazi ikiwa ya haraka, vipande vilifunguliwa na kugawiwa mafundi kadhaa: huyu uso, yule nguo, mwingine kivuli cha nyuma. Ukiitazama chapa kwa kioo cha kukuzia, huenda ukaona uzi mweupe ukipita begani, pale vipande viwili vilipokutana. Picha iliyopita mikononi mwa watu wote hao ilitoka bila jina lao, nao walistahili kutajwa.

Kwenye bamba la shaba hali ilikuwa tofauti. Jina la mchoraji liliwekwa chini kushoto, la mchongaji kulia. Lakini wenye kubandika picha kwenye albamu walikata kingo ili zienee, na majina yakaenda na vipande vilivyotupwa.

Chapa za namna hiyo zimesalimika kwa sababu ya aliyechorwa. Jumba la National Portrait Gallery la London, lililoanzishwa mwaka 1856, lilijiwekea kanuni ya kupokea picha kwa kuangalia umuhimu wa mtu aliyemo, hata kama mkono uliomchora haujulikani.