Goti Halijaisha Mafuta

"Mafuta ya goti yameisha." Kauli hii imewafanya watu wengi waache kutembea. Mama aliyevuka miaka hamsini anaambiwa hivyo baada ya picha ya eksirei, anarudi nyumbani na bahasha yake kubwa, na kuanzia siku hiyo sokoni anatumwa mjukuu. Watoto wanamhimiza: "Mama, wewe kaa tu, tutafanya sisi." Wanasema kwa mapenzi, naye anatii, maana nani atataka kusaga kilichokauka? Baada ya miezi michache mapaja yamesinyaa, uzito umepanda na goti linauma kuliko siku ile alipopigwa picha.

Tuingie ndani ya goti lenyewe. Ncha za mifupa inayokutana pale zimefunikwa na gegedu, tabaka jeupe linaloteleza. Gegedu halina mishipa ya damu wala mishipa ya fahamu. Chakula chake hukipata kutoka kwenye ute uliomo ndani ya kiungo, ule ambao mtaani tunauita mafuta. Ute huo hutengenezwa na utando unaozunguka kiungo, na katika goti zima lenye afya ni mililita chache tu. Unapokanyaga, gegedu hukamuliwa. Unapoinua mguu, hunyonya tena, kama dodoki ndani ya ndoo ya maji. Kwa hiyo kiungo kisichotembezwa hukosa lishe.

Tena goti bovu mara nyingi halijakauka kabisa. Likivimba huwa lina ute mwingi kuliko kawaida, kiasi kwamba daktari anaweza kuuvuta kwa sindano bomba likajaa. Kilichoharibika ni ubora wake: umekuwa mwepesi, hautelezeshi kama zamani. Ugonjwa wenyewe, osteoathraitisi, ni wa kiungo kizima. Gegedu linapungua, mfupa wa chini yake unaota vijipembe, utando unavimba na misuli ya paja inalegea. Umri unachangia, uzito unachangia, jeraha la mpira la ujanani linachangia, na vilevile kazi za kupiga magoti na kuchuchumaa miaka nenda rudi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa nao, goti likiwa ndicho kiungo kinachoathirika zaidi, na wagonjwa wengi ni wanawake.

Kama gegedu halina fahamu, maumivu yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mfupa, kwenye utando, kwenye kano na misuli iliyochoka. Ndiyo maana picha na maumivu havilingani. Wapo watu ambao eksirei zao zinatisha na bado wanalima ekari yao bila shida, na wapo ambao picha zao ni nzuri lakini usiku hawalali. Mgongo nao ni hivyohivyo: pingili zilizosagika huonekana hata kwa watu wazima ambao hawajawahi kuumwa kiuno.

Mwaka 1944, daktari wa Marekani, Henry Beecher, akiwahudumia askari waliojeruhiwa vitani Italia, alishangaa kuona wengi wenye majeraha makubwa hawaombi dawa ya maumivu. Askari wa namna hiyo alijua ametoka vitani akiwa hai, na ubongo wake ulilipima jeraha kwa hesabu hiyo. Maumivu yanaamuliwa ubongoni baada ya kukusanya habari kutoka mwilini, pamoja na usingizi, hofu, huzuni na mawazo ya ada ya shule.

Yakipita miezi mitatu, madaktari huyaita maumivu sugu, na hapo mara nyingi jambo jingine huwa limeanza. Mishipa ya fahamu na uti wa mgongo huzoea kupiga kelele. Mguso mdogo unaleta maumivu makubwa, eneo linalouma linapanuka, siku ya baridi au usiku wa kukosa usingizi unatosha kuyaamsha. Nasisitiza hili kwa sababu ya maneno yanayosemwa majumbani, kwamba fulani anajidekeza, mbona vipimo viko safi. Anaumwa kweli. Vipimo vinapiga picha ya mfupa, havipigi picha ya mfumo wa fahamu uliokosa utulivu.

Kuchua na kukanda maji ya moto kuna maelezo yake humohumo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango: fahamu za mguso na msuguo zikipita kwa wingi, habari za maumivu zinapunguzwa njiani. Bibi anayemsugua mjukuu aliyejikwaa anafanya hivyo. Nafuu yake ni ya muda, lakini tumia muda huohuo kufanya lile linalojenga, yaani mazoezi.

Chukua kiti imara, kiegemeze ukutani. Kaa nusu ya mbele, nyayo zikiwa chini ya magoti, mikono kifuani. Inamisha kifua mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kisha simama. Kazi yenyewe iko kwenye kushuka: rudi polepole huku ukihesabu moja, mbili, tatu, usijibwage. Utasikia msuli wa mbele ya paja ukikaza, na huo ndio mlinzi wa goti. Ikikushinda, kunja blanketi ulikalie ili kiti kiwe juu zaidi, au jisaidie kwa mikono kwa siku za mwanzo. Anza na mara tano, pumzika, rudia. Siku tatu kwa wiki zinatosha kuanzia, na siku nyingine tembea.

Litauma? Kidogo, ndiyo, na hapa watu wengi hukata tamaa. Kipimo ni hiki: maumivu yanayovumilika wakati wa zoezi hayana ubaya ikiwa kesho yake goti limerudi hali yake ya kawaida. Likiamka limevimba au linauma zaidi ya jana, punguza idadi, lakini usiache. Matokeo huchukua kama wiki sita hadi kumi na mbili, na anayesubiri miujiza ndani ya siku nne atarudi kitandani.

Uzito nao una hesabu ya kutia moyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, kwa watu wazima wenye uzito mkubwa na magoti mabovu, ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua iliondoa takriban kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Fimbo pia inasaidia, ila wengi wanaishika upande usiofaa: goti bovu likiwa la kulia, fimbo ishikwe mkono wa kushoto, iende mbele pamoja na mguu unaouma. Jiko la mkaa lipandishwe juu ya matofali imara ili mpishi akae kwenye kiti badala ya kigoda. Maji yabebwe katika madumu mawili madogo, moja kila mkono. Na anayeswali akiwa ameketi kwenye kiti kwa sababu ya maradhi asione haya, ruhusa hiyo ipo.

Sasa vidonge, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa mtaani kama peremende. Mwingereza John Vane alionyesha mwaka 1971 jinsi dawa za jamii ya asipirini zinavyofanya kazi, ugunduzi uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 1982: zinazuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoongeza maumivu na uvimbe. Lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Anayezimeza kila siku kwa miezi anajiweka katika hatari ya vidonda vya tumbo, shinikizo la damu na figo kushindwa kazi. Hatari inaongezeka kwa mzee, kwa mwenye kisukari, na kwa anayetumia dawa za presha pamoja na zile za kukojoza. Choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni damu kutoka tumboni, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa goti, diklofenaki ya kupaka inasaidia na ni kiasi kidogo tu kinachoingia kwenye damu. Zungumza na mfamasia. Angalia pia vidonge vilivyochanganywa: ndani ya kidonge cha diklofenaki kunaweza kuwa na parasetamoli, na ukiongeza parasetamoli nyingine juu yake unakaribia kuvuka gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, kiwango cha juu kabisa kwa mtu mzima.

Kisha kuna zile pakti na chupa zisizo na jina, "za asili", zinazoponya ndani ya usiku mmoja. Kasi hiyo inatia shaka. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu bidhaa ya viungo iliyouzwa kama lishe, iliyokutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kifungashio. Deksamethasoni ni steroidi: inaondoa uvimbe haraka, lakini ikitumiwa muda mrefu uso unavimba, sukari na presha vinapanda na mifupa inakonda. Aliyezitumia kwa wiki nyingi asiache ghafla, kwa kuwa mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake. Amweleze daktari, apunguziwe taratibu.

Yako maumivu ambayo mazoezi hayayahusu. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chekundu, cha moto, pamoja na homa, kinaweza kuwa na usaha ndani, na hilo ni la saa, si la wiki. Mgongo unaouma mfululizo kwa mtu anayekonda na kutoka jasho usiku unahitaji kuchunguzwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Miguu ikilegea, mkojo ukazuilika au ukatoka wenyewe, au ganzi ikashika sehemu za siri, usisubiri kesho. Viungo vidogo vya mikono yote miwili vinavyovimba na kukakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa vinaashiria baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Dawa zake, methotreksati ikiwemo, hufanya kazi nzuri zaidi zikianza mapema, kabla vidole havijapinda.